Kitanda Kisionekane: Barua kutoka London

Patisheni ya ughaibuni ni kitu chochote kinachosimamishwa katikati ya chumba ili mgeni aliyeketi kwenye kochi asione kitanda. Inaweza kuwa pazia, rafu ya vitabu, fremu ya kukunja au safu ya mimea kwenye vyungu virefu. Si lazima ifike darini, haina mlango, haizuii sauti wala harufu, na mwenye haraka huizunguka kwa hatua tatu. Kazi yake ni kulifanya jicho liamini kuwa nyumba ina vyumba viwili. Kwa mpangaji Mswahili aliyeko London kazi hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu jicho linalohusika mara nyingi si la mtu wa pale mjini. Ni la mama mzazi, liko Tanga, na linapita kwenye simu.

Nyumba yenyewe huitwa studio. Wa Dar es Salaam angeiita chumba kimoja cha kujitegemea, wa Nairobi angeiita bedsita, na tofauti kubwa iko kwenye kodi, ambayo kwa London ni kiasi kisichofaa kutajwa katika barua ya familia. Mtu akifungua mlango hukuta jiko mkono huu, choo na bafu mkono ule, kisha kochi, kisha kitanda, na mwisho kabisa dirisha. Mpangilio huo haukutokana na ubunifu. Mabomba ya majengo haya hupanda kwenye njia moja, mara nyingi karibu na korido ya nje, hivyo jiko na choo hubanwa upande wa mlangoni, na kinachobaki kuelekea dirishani ndicho kinachoachiwa maisha.

Kiwango cha ukubwa wa nyumba mpya kilichotolewa England mwaka 2015 kinataka nyumba ya mtu mmoja isipungue mita za mraba 37 ikiwa ina bafu la manyunyu, au 39 ikiwa ina beseni la kujilaza. Nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya hapo hazikubanwa na kiwango hicho, wala ofisi zilizogeuzwa makazi baada ya utaratibu wa vibali kulegezwa mwaka 2013. Baadhi yake ni ndogo kiasi kwamba mlango wa friji na mlango wa choo hupeana zamu. Ilibidi ifike Agosti 2020 ndipo kanuni ikataka ofisi zinazogeuzwa nyumba ziwe na mwanga wa asili wa kutosha katika vyumba vya kuishi. Kwa maneno mengine, serikali iliketi, ikajadili, ikaandika rasmi kwamba binadamu huhitaji dirisha.

Kwa nini kitanda kifichwe ni jambo ambalo Mwingereza haelewi haraka. Akiwa mwanafunzi alikaribisha wenzake wakakaa kitandani na vikombe vyao vya chai, na hakuna aliyeonekana kakosa adabu. Kwa watu wa pwani kitanda ni ndani, na ndani hapaingiwi na kila mtu. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa hesabu hiyo: mgeni wa kiume huishia dakani, kwenye mabaraza ya mlangoni, aliyekaribishwa zaidi hufika msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, aliye karibu zaidi, msana wa yuu, yaani ukumbi wa juu, na baada ya hapo ni ndani kwa wenyewe. Msana na msana haitenganishwi kwa mlango. Sakafu hupanda kidogo kadiri mtu anavyoingia, pazia hutundikwa panapohitajika, na kwa aliyelelewa vizuri kidato kimoja kinatosha kumwambia kuwa amefika mwisho wake.

Katika nyumba za Kiswahili za Dar es Salaam, zile zenye ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, familia iliyopanga chumba kimoja hupiga hesabu ile ile kwa kamba na kitambaa: mbele viti na meza yenye vitambaa vya kudarizi, nyuma kitanda. Majarida ya mapambo ya nyumba hayana mazoea ya kupita Manzese kulipiga picha pazia hilo. Likivuka bahari na kuning'inizwa kwenye reli nyeupe ya alumini, pazia hilo hilo hupata ukurasa mzima, jina la rangi lenye maneno matatu, na bei.

Ulaya nayo ililifikia jambo hili kwa njia yake. Mwaka 1924, mjini Utrecht, Uholanzi, Gerrit Rietveld, seremala aliyegeuka msanifu majengo, alimjengea mjane Truus Schröder na watoto wake watatu nyumba ambayo ghorofa yake ya juu ilikuwa na paneli za kusukuma mahali pa kuta. Mchana zilifunguliwa pakawa ukumbi mmoja mpana. Usiku zilifungwa, watu wakalala faragha. Kanuni za ujenzi za wakati ule zisingelipokea wazo kama hilo, kwa hiyo kwenye maombi ya kibali ghorofa hiyo iliandikwa kuwa ni stoo ya darini, na ikapita. Mwaka 2000 UNESCO iliitia nyumba hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Wapangaji wengi wa London nao huandika mambo mepesi kwenye fomu, ila hawafiki mbali kiasi hicho.

Mgeni wa miguu huja kwa miadi, maana London hata jirani wa ukuta mmoja huandika ujumbe kwanza. Mgeni wa simu hana miadi. Majira ya baridi London huwa nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mama aliyeamka, akaswali, akanywa chai yake na kuona kuwa saa 12 asubuhi ni wakati mzuri wa kumjulia hali mwanawe, hupiga simu ya video wakati kule ni saa 9 usiku. Mazungumzo huwa na sura moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona giza? Umeme umekatika?"

"Hapana mama, ni usiku huku."

"Usiku gani, na jua hili? Na huo nyuma yako ni mto? Unalala sebuleni?"

Swali la mwisho ndilo linalouza rafu nyingi kuliko matangazo yote ya biashara. Patisheni iliyowekwa vizuri humpa mpangaji pembe tatu. Akigeukia upande wa kochi, nyuma yake huonekana televisheni na ukuta mweupe. Akikaa kwenye ukingo wa kitanda akautazama mlango, nyuma yake ni dirisha na mmea. Akivuta kiti hadi karibu na rafu yenyewe, nyuma yake ni vitabu. Baada ya miezi michache familia huwa imeona sebule, chumba cha kulala na maktaba, kila kimoja siku yake, na haina sababu ya kudhani kuwa mtu amezungusha kiti tu. Hasara yake ni kwamba michango ya harusi, ada na mabati hukadiriwa kwa idadi ya vyumba vilivyoonekana. Wenye uzoefu huishia pembe mbili.

Kipimo cha kwanza cha patisheni ni kimo, na huamuliwa na mgeni akiwa ameketi. Macho ya mtu mzima aliyekaa kwenye kochi huwa mita moja na robo au pungufu kutoka sakafuni. Akisimama hupanda hadi mita moja na nusu na zaidi. Kitu chenye kimo cha sentimita 150 hivi kinatosha kumfichia kitanda aliyeketi, na katika chumba chenye dari ya mita 2.4 huacha juu yake nafasi ya karibu mita nzima ya kupitisha hewa na mwanga. Aliyesimama ataona, ni kweli. Lakini mgeni wa heshima akisimama huwa anaaga, na anayeaga hutazama mlango na viatu vyake. Patisheni inayokwenda hadi darini huziba zaidi, na ndiyo makosa ya wengi: chumba cha mita za mraba 37 kikikatwa kwa ukuta kamili huwa visanduku viwili, na mtu hulipa kodi ya nyumba akaishi kwenye lifti.

Mahali pa kuisimamisha ndipo penye mtihani. Karibu Desemba nzima jua la London huzama kabla ya saa 10 jioni, na siku fupi kuliko zote ya mwaka haifikishi saa nane za mchana. Mwanga ni mali. Kwa chumba chenye dirisha moja mwishoni, patisheni iliyosimama sambamba na dirisha hukigawa chumba kuwa mchana na usiku, na suala lililobaki ni nani apewe usiku. Kitanda kikiachiwa upande wa dirisha, mgeni hukaa gizani na taa huwaka tangu saa 8 mchana. Kochi likipelekwa dirishani, kitanda hurudi nyuma karibu na jiko, na mashuka hunuka vitunguu. Patisheni inayosimama kwa kuelekeza ubavu wake dirishani ni bora, kwa kuwa pande zote mbili hugawana mwanga sawa, lakini inataka chumba kipana. Kitanda cha watu wawili cha Kiingereza kina upana wa sentimita 135 na urefu wa 190. Ukiongeza njia ya kupita ya sentimita 75, upande wa kulala peke yake unakula zaidi ya mita mbili za upana, na kwa chumba cha mita tatu na nusu kinachobaki kwa ajili ya kochi ni korido.

Kwa hiyo wengi hulazimika kukubali usambamba, na hapo ufundi huhamia kwenye kuifanya patisheni yenyewe ipitishe mwanga. Isifike ukuta hadi ukuta: theluthi mbili ya upana wa chumba hutosha, na mwanya uliobaki ndio mlango. Mwanya huo uwe upande ambao kochi haliutazami, vinginevyo kitanda huonekana kupitia hapo hapo palipokusudiwa kukificha. Isiegemezwe kwenye hita, ambayo kwa kawaida hukaa chini ya dirisha. Patisheni ikiziba njia ya joto, upande mmoja hukaa fulana na upande wa pili hukaa koti. Na kitu kipana kinachokaa kwenye ukuta wa nje kiachiwe upenyo wa sentimita chache nyuma yake. Hewa yenye unyevu wa kupika na kuanika nguo ndani, ikigusa ukuta baridi usiopitiwa na upepo, huotesha ukungu mweusi, na ukungu huo hugunduliwa siku ya kuhama, na mtu wa wakala.

Aina nyingine za patisheni hazihitaji maelezo marefu. Skrini ya kukunja, iliyotoka China ikaenea hadi Japani na kupakwa dhahabu na picha za mabata, hupendeza ikiwa ndani ya kasri. Ili isimame lazima ikunjwe kwa pembe, hivyo hula sakafu zaidi ya inavyodhaniwa, na mtoto wa mgeni akipita nayo mbio huanguka yote, na kitanda hujitokeza kwa kishindo mbele ya watu wote. Mimea hufaa hadi Novemba. Mbao nyembamba za wima, zile za hoteli, ni nzuri kuliko zote kwa macho, maana anayezitazama kwa mshazari haoni kitu na anayezitazama moja kwa moja huona mistari ya mwanga. Lakini hukazwa sakafuni na darini kwa skrubu, na skrubu, kama itakavyoelezwa, si mali ya mpangaji.

Pazia lina sifa mbili ambazo hakuna kingine kinazo: mchana husukumwa pembeni chumba kikarudi kuwa kimoja, na likichafuka hufuliwa. Kitambaa kizito hufanya chumba kitulie kidogo kwa kunyonya mwangwi. Tatizo ni pa kulitundika. Fimbo ya kukaza kwa springi, inayoshikilia ukuta huu na ukuta ule bila msumari, hufanya kazi vizuri kwenye upana wa dirisha. Kwa upana wa chumba kizima hubonyea katikati, na pazia zito huchagua usiku wa manane kuanguka.

Inabaki rafu. Ile inayoonekana nyuma ya karibu kila Mwafrika Mashariki anayepiga simu kutoka Ulaya ni Kallax ya IKEA, rafu ya visanduku visivyo na mgongo. Ya visanduku 16 ina sentimita 147 kwa 147 na kina cha 39. Iliingia sokoni mwaka 2014 kuchukua nafasi ya Expedit, na Wajerumani wenye santuri walipiga kelele mtandaoni kana kwamba wamefutiwa likizo, hadi kampuni ikawahakikishia kuwa sahani zao bado zitaingia. Kilichopungua kilikuwa unene wa mbao za nje. Kwa mtazamo wa patisheni, kimo chake kinaangukia pale pale panapotakiwa na mwanga hupita kwenye matundu. Mteja huipeleka nyumbani kwa basi, kipande kwa kipande kama hana rafiki mwenye gari, na huiunganisha mwenyewe kwa kifunguo cha pembe sita na kijitabu chenye maelekezo ya picha tupu. Ukurasa wa mwanzo una kikatuni cha mtu mmoja mwenye huzuni, amekatwa kwa mstari, na pembeni yake watu wawili wanaotabasamu. Kwa mtu aliyehamia London karibuni, ukurasa huo una ukweli mchungu kuliko jambo lolote aliloambiwa ubalozini.

Fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, akiishika mbao hiyo atauliza imekatwa kwenye mti gani. Sehemu zake nene ni ganda la chipubodi na hadibodi, na katikati mna karatasi iliyokunjwa kwa vijumba kama vya sega la nyuki. Ndiyo maana ni nyepesi, na ndiyo maana kiwanda kinaruhusu kilo 13 tu kwa kila kisanduku. Hesabu hii ina maana kwa jamii inayonunua mchele kwa gunia: mfuko wa kilo 10 unakubalika, wa kilo 20 haukubaliki. Mizigo mizito, yaani mchele, unga, maharage na kitabu kikubwa cha uhasibu, hukaa chini. Vikapu vya ukindu na picha za mahafali hukaa juu. Rafu iliyopakiwa kinyume cha hapo hutikisika kila mtu anapopiga chafya, na rafu inayotikisika inaweza kuangukia mtu. Kwa sababu hiyo haisimamishwi pweke katikati ya sakafu. Ubavu wake mmoja huegemezwa ukutani na kufungwa kwa kibano.

Kuirekebisha ili ifiche bila kuziba ndiko kunakotofautisha chumba na stoo. Kosa la kawaida ni kujaza kila kisanduku. Matundu matano au sita yaachwe wazi kabisa, hasa ya safu ya juu, na yasikae mstari mmoja na mito ya kitandani. Mpangaji hukaa kwenye kochi, akachungulia, akahamisha kikapu, akakaa tena. Zoezi hilo hufanywa mchana na kurudiwa usiku taa zikiwa zimewashwa, kwa kuwa taa ya upande wa kitanda huonyesha vyote ambavyo mchana vilijificha.

Hapa ndipo kanga inapoingia, na inaingia kwa vipimo ambavyo ni kama watengenezaji walikutana. Kanga moja ina takribani sentimita 150 kwa 110. Ikitandazwa kwa upana kwenye upande wa nyuma wa rafu ya sentimita 147, hufunika safu tatu za juu na kuacha wazi safu ya chini, yaani ile ya mchele. Kwa kuwa kanga huuzwa kwa doti, kipande kimoja huelekea kitandani na cha pili sebuleni, baada ya kukatwa na kupindwa. Haipigiliwi: utepe wa kunata wa kushika na kuachia, ule wa viatu vya watoto, hubandikwa kwenye ukingo wa rafu na kushonwa kwenye pindo, ili kanga itoke ikafuliwe. Zenye mji mweupe au wa njano hupitisha mwanga na hufaa upande wa dirisha. Nyeusi na za bluu nzito huziba, na chumba huwa kama kina msiba. Anayependa matundu wazi hufunika visanduku vya katikati tu na kuhakikisha mkasi haupiti kwenye jina.

Jina nalo linataka tahadhari ya kiufundi. Kanga ikiwa imetundikwa hivyo, maandishi yake huangukia kama sentimita 60 hadi 70 kutoka sakafuni. Aliyeketi huyaona chini, karibu na usawa wa magoti yake, na hayamsumbui. Lakini hicho ndicho kimo cha macho ya mtu aliyelala kwenye kochi. Binamu aliyefikia kwa wiki mbili, akifungua macho asubuhi ya kwanza, kabla ya kuona kitu kingine husoma MGENI SIKU MBILI YA TATU MPE JEMBE. Kuna wapangaji waliochagua doti hiyo bila kuwaza, wakapoteza ndugu. Kuna wengine waliochagua baada ya kuwaza sana. Kanga za kumsifu mama hazina hatari hiyo, na kwenye simu ya video humfurahisha anayepiga kiasi cha kusahau kuuliza habari za ndoa.

Kitambaa chochote kikae mbali na jiko. Katika studio umbali kati ya kikaango na patisheni huhesabiwa kwa hatua, na kanga kwa kawaida ni pamba.

Sasa skrubu. Mkataba wa kawaida wa kupanga England unakataza kutoboa ukuta bila idhini ya maandishi, na amana iliyowekwa siku ya kuingia ndiyo inayolinda katazo hilo. Tangu sheria ya 2019 amana ya nyumba za kawaida haizidi kodi ya wiki tano, na, kwa sheria nyingine, mwenye nyumba anatakiwa kuisajili kwenye mpango wa ulinzi ndani ya siku 30. Mambo hayo mawili ni nafuu kubwa, lakini hayamzuii mtu wa wakala kuja na picha alizopiga kabla ya mpangaji kuingia na kuzilinganisha na ukuta, tundu kwa tundu. Kuomba ruhusa kwa barua pepe ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, hasa ombi likieleza kuwa rafu isipofungwa inaweza kumwangukia mtu. Wenye nyumba wengi hukubali, wakaongeza kuwa matundu yazibwe siku ya kuondoka. Kuta za ndani za majengo mapya ni bodi za jipsamu juu ya fremu ya chuma, na skrubu iliyoshika jipsamu peke yake haijashika kitu. Inatafutwa nguzo iliyo nyuma yake, au plagi maalumu ya ukuta ulio wazi ndani. Dari iachwe kama ilivyo. Juu yake mna nyaya, na katika majengo mengine mabomba ya kuzimia moto, na kutoboa moja la hayo kwa ajili ya pazia ni njia fupi ya kufahamiana na ghorofa zote za chini.

Yapo mambo ambayo patisheni haiwezi, na ni vizuri familia ikayajua. Haizuii sauti. Maneno hupita juu, hupita pembeni, na kwa rafu yenye matundu hupita katikati. Nyumba yenye wageni huishi kwa makubaliano ambayo hayaandikwi popote: wa upande huu hamsikii wa upande ule, hata akiwa ametoka kumjibu swali. Haizuii harufu pia. Feni nyingi za juu ya jiko katika nyumba za kupanga hazina bomba la kutoka nje. Hunyonya moshi, huupitisha kwenye chujio la mkaa na kuurudisha chumbani ukiwa na wasifu ule ule. Anayekaanga dagaa Jumapili huenda kazini Jumatatu na koti lenye habari kamili. King'ora cha moshi kiko kati ya kitanda na jiko kwa sababu ndiyo njia ya kukimbilia, na chapati ya tatu humjulisha hivyo kila mtu. Patisheni haipaswi kukizunguka, kukifunika wala kupunguza upana wa njia hiyo, maana wa kitandani hana mlango mwingine.

Mwisho kuna wazo linalomjia kila mpangaji kodi inapopanda: kwamba upande wa pili wa rafu, kwa kuwa sasa unaonekana kama chumba, unaweza kupangishwa kama chumba. Sheria ya England inajua hesabu hiyo. Nyumba ya watu watatu au zaidi wasio wa familia moja, wanaotumia jiko au choo kimoja, iko chini ya kanuni zake yenyewe. Wakifika watano inataka leseni, na tangu Oktoba 2018 leseni hiyo hutaja kipimo: pa kulala mtu mzima mmoja pasipungue mita za mraba 6.51, na watu wazima wawili 10.22. Sehemu ambayo dari yake iko chini ya mita moja na nusu haihesabiwi kabisa. Hata wakiwa wawili tu, mkataba wa studio kwa kawaida unakataza kupangisha tena. Binamu asiyelipa ni mgeni. Binamu anayelipa ni kesi. Tofauti kati yao ni muamala wa benki wenye neno "kodi" kwenye maelezo, na kwa hiyo mabinamu wa London hutuma fedha wakaandika "nyama".

Patisheni ya rafu haipendi kuhama. Skrubu zikitolewa na kurudishwa, tundu kwenye chipubodi hupanuka, na ikifunguliwa mara ya pili haisimami wima tena. Anayeondoka huvua kanga, huziba matundu ya ukutani kwa lipu ya kopo dogo, hupaka rangi nyeupe inayokaribiana na ile ya mwanzo, kisha huitangaza rafu kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania au Wakenya wa mtaa ule kwa masharti ya kuja kuichukua nzima. Huchukuliwa siku hiyo hiyo, mara nyingi na mtu aliyefika mwezi uliopita, ambaye familia yake imeshauliza kuhusu mto.